Amri Iliyosomwa Barazani

2 Februari

Kumb. Na. NYB/1/7
YAH: KUSITISHWA KWA AMRI YA KUTOINGIA NYUMBANI

Kwako Binti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utakumbuka kwamba miaka sita iliyopita, baada ya wewe kuacha chuo cha sheria bila ruhusa na kwenda kujifunza kuchomelea vyuma, nilitoa amri kwamba usikanyage nyumba hii mpaka utakaporudi chuoni. Amri hiyo niliisoma barazani mbele ya ndugu na majirani, na nakala yake ikabandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo.

Baada ya kuitafakari upya, nimeona vyema kuisitisha kuanzia tarehe ya barua hii. Unaweza kuja.

Sisi hapa hatujambo. Shangazi yako analalamika magoti, lakini analalamika kwa nguvu, kwa hiyo nadhani yuko salama. Nyumba iko kama ulivyoiacha. Maji yanatoka.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Baba yako,
Karani Mkuu wa Mahakama (Mstaafu)


13 Februari

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma karakanani nikiwa nimekaa juu ya rundo la nondo. Fundi mkuu aliponiona uso akaniuliza kama nimeitwa mahakamani. Nikamwambia, karibu sawa.

Miaka yote hiyo nimekuandikia, hukujibu hata mstari mmoja. Leo umejibu, na umeanza na namba ya kumbukumbu. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikarudi kwenye kazi maana kuna mtu alikuwa anasubiri madirisha yake.

Lakini kusitisha sikutaki. Wewe ndiye uliyenifundisha. Watoto wenzangu walikuwa wakilazwa kwa hadithi, mimi nikilazwa kwa tofauti ya kusitisha na kufuta. Ulisema amri iliyositishwa imelala tu, na siku mwenye nayo akiamka vibaya, nayo inaamka naye. Sasa nije, nikae mezani, nikivunja kikombe nisomewe tena? Hapana, Baba. Sitaki kuingia nyumbani kwetu kwa dhamana.

Mimi sijambo. Tunatengeneza madawati ya shule, mengi kweli, na kikosi kizima kiko chini yangu. Mikono yangu ina makovu ya cheche, ukiniona usishtuke.

Msalimie Shangazi. Mwambie simu yake haipatikani. Ningekupigia wewe, lakini najua utaniambia simu haina jadala, haiwekwi kwenye faili.

Binti yako,
Fundi


24 Februari

Kumb. Na. NYB/1/8
YAH: KUFUTWA KWA AMRI

Kwako Binti,

Hoja yako imepokelewa na imeonekana ina uzito. Kwa barua hii amri tajwa inafutwa kabisa, kana kwamba haikuwahi kutolewa. Nakala ya ubaoni nimeibandua, na ile ya kwenye jadala nipo tayari kuichana.

Ni kweli kwamba simu haina jadala.

Baba yako,
Karani Mkuu wa Mahakama (Mstaafu)


6 Machi

Baba,

Shikamoo. Usichane kitu.

Najua umefika mbali, na najua kwa mtu kama wewe kuandika hivyo si mchezo. Lakini ukifuta maana yake haikuwepo, na mimi nilikuwepo. Nilisimama pale chini ya ngazi na begi langu. Ulivaa koti la kazini siku ya mapumziko. Ulisoma kwa ile sauti ya kuita mashauri, na majirani waliokuja kunywa chai wakaacha kunywa. Ulipomaliza ulikunja karatasi ukaingia ndani, na Shangazi akabaki ananiangalia huku ameshika birika. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitembea mpaka stendi ya mabasi bila kugeuka, nikidhani utanifuata kwa sababu nilikuwa nimesahau sweta. Hukunifuata.

Sasa ukisema kana kwamba haikuwahi kutolewa, mimi nilikuwa wapi miaka yote hii? Nilikuwa matembezini?

Neno unalolitafuta unalijua, Baba, unalizunguka tu. Ni kutengua. Anayetengua anakubali kwamba alifunga, kisha anafungua kwa mkono ule ule. Na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba iliyosomwa mbele ya watu hutenguliwa mbele ya watu, la sivyo watu wanabaki na ile ya kwanza. Basi nataka hivyo hivyo. Barazani, umesimama, watu wale wale, na mimi nikiwa pale chini ya ngazi.

Ukifanya hivyo nakuja siku hiyo hiyo. Usipofanya nitaendelea kukuandikia kama kawaida, lakini siji.

Binti yako,
Fundi


11 Machi

Mwanangu,

Simu yangu ilizama kwenye ndoo, ndiyo maana hunipati. Utauliza ndoo inatafuta nini karibu na simu. Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha.

Baba yako amekuandikia kwamba maji yanatoka. Muongo mkubwa. Stendi ya tangi ilianguka tangu kabla ya mwaka mpya. Aliita fundi mmoja mwenye maneno mengi, akajenga nyingine, nayo haikumaliza wiki, ikalala chali na tangi juu yake. Sasa tangi limekaa chini uani kama kuku anayeatamia, na kaka yangu na uzee wake anabeba ndoo kutoka bomba la barabarani, amevaa tai. Nikimwambia aite fundi mwingine ananijibu kwamba suala liko kwenye mchakato.

Lakini nakuandikia kwa sababu nyingine. Siku ile stendi ya pili ilipoanguka, alisimama akaviangalia vile vyuma, akageuza kimoja kwa mguu, akasema, "Binti yangu asingeunga hivi." Nilikuwa naanika nguo. Nilishikilia kamba nisianguke. Miaka sita jina lako hakulitaja, na kumbe alikuwa nalo mdomoni muda wote. Baada ya hapo ndipo alipoanza kutafuta wino.

Usimwambie nimekwambia. Na usilegeze. Ulichoomba ni haki yako, na yeye anakihitaji kuliko wewe. Namsikia chumbani anajizoeza kusoma.

Shangazi yako


20 Machi

Kumb. Na. NYB/1/9
YAH: KUTENGULIWA KWA AMRI

Kwako Binti,

Masharti yako nimeyapokea na nimeyakubali yote. Kikao kitaitishwa barazani na wahusika wote wataarifiwa kwa utaratibu wa kawaida.

Baba yako,
Karani Mkuu wa Mahakama (Mstaafu)


16 Aprili

Kumb. Na. NYB/1/10
YAH: KUTOHUDHURIA KWAKO

Kwako Binti,

Napenda kukufahamisha kwamba kikao kilifanyika Jumapili iliyopita kama kilivyopangwa. Walihudhuria wote waliokuwepo mara ya kwanza, isipokuwa waliohama. Nilisimama. Nilisoma. Amri imetenguliwa.

Chini ya ngazi hapakuwa na mtu. Nilichelewesha kusoma kwa kadiri heshima ya wageni ilivyoruhusu, na Shangazi yako aliongeza chai mara mbili, lakini ilibidi nisome. Nimeandika kwenye kumbukumbu kwamba mhusika aliarifiwa na hakutokea.

Sikulaumu. Nilikukataza nyumba, na wewe umenikatalia Jumapili moja. Lakini sijui kama nitaweza kusimama pale tena.

Baba yako


23 Aprili

Baba,

Niliarifiwa na nani?

Tangu barua yako ya Machi nimekuwa nasubiri tarehe kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nguo ya kuvaa nimeshaipiga pasi. Fundi mkuu nimeshamwomba ruhusa ya siku ambayo hata mimi sikuijua. Kila mchana naulizia barua mpaka mama wa posta ananiambia hakuna kabla sijafungua mdomo. Halafu napata barua kwamba mambo yamekwisha, na mimi ndiye niliyewakosesha raha wageni.

Kama ulitaka kusoma bila kuniangalia machoni, ungesema. Ningeumia, lakini ningekuelewa. Usiniandike kwenye kumbukumbu zako kwamba niliarifiwa. Naomba uniambie, uliniarifu kwa njia gani?

Binti yako


30 Aprili

Kumb. Na. NYB/1/11
YAH: NJIA YA TAARIFA

Kwako Binti,

Taarifa ya kikao ilibandikwa ubaoni, kando ya mlango wa jikoni, wiki mbili kabla, kwa mwandiko unaosomeka, na ikagongwa mhuri. Hiyo ndiyo njia ya nyumba hii tangu hujazaliwa. Ratiba ya kufagia ilibandikwa hapo. Matokeo yako ya darasa la saba yalibandikwa hapo. Kwa kanuni, tangazo lililobandikwa ubaoni limemfikia kila mhusika, na hawezi kusimama baadaye akadai hakuliona.

Kwa hiyo ulijulishwa ipasavyo.

Baba yako,
Karani Mkuu wa Mahakama (Mstaafu)


8 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimekaa chini nikuandikie taratibu, kwa sababu fundi mkuu amenipokonya mashine. Anasema mtu anayecheka namna hii asishike moto.

Ubao uko kando ya mlango wa jikoni. Jikoni kuko ndani ya nyumba. Nyumba ni ile ambayo mimi, kwa amri yako, nimekatazwa kukanyaga.

Ulinibandikia mwaliko mahali pekee duniani ambapo siruhusiwi kwenda kuusoma.

Nisome vizuri, Baba. Sikukasirikii tena. Nilikuwa nimekasirika sana, siku nzima sikula. Lakini nilipofika kwenye ule mhuri nikakuona kabisa, umevaa miwani, unapima karatasi isikae upande, unaichoma pini nne. Ulikuwa unanialika kwa moyo wako wote. Na nilikuwa nimebandikwa hapo pamoja na ratiba ya kufagia, kana kwamba bado nalala chumba cha mwisho. Nadhani kichwani mwako sikuwahi kutoka. Ulisahau tu kwamba nilitoka.

Binti yako,
Fundi


15 Mei

Kumb. Na. NYB/1/12
YAH: KUBATILISHWA KWA KIKAO

Kwako Binti,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda nayo mpaka jikoni, nikauangalia ubao, nikakaa chini. Shangazi yako alidhani nimepatwa na kiharusi. Nilipompa asome, naye akakaa chini. Anasema alidhani nimekuandikia, na mimi nilidhani ubao umetosha.

Nilikuwa karani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi. Nimerudisha mafaili ya mawakili wenye majina kwa kosa dogo kuliko hili. Kumhukumu mtu asiyejua kwamba kuna kikao ni aibu, na kumsamehe asiyejua ni aibu vilevile. Nisamehe.

Kwa sababu hiyo kikao cha Aprili nimekibatilisha chote, pamoja na maneno yale kwamba hukutokea. Kwa masikitiko makubwa nalazimika kukujulisha kwamba, kisheria, amri ya zamani imerudi kuwa hai mpaka itakapotenguliwa upya. Shangazi yako amesema juu ya jambo hili maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye jadala.

Kikao kipya kitafanyika Jumapili ya kwanza ya Juni, saa kumi alasiri. Taarifa ni barua hii, na nimeitia mwenyewe kwenye sanduku la posta. Majirani wameambiwa. Mmoja ameuliza kama patakuwa na chai tena.

Nitasimama.

Baba yako


12 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimerudi karakanani salama, na vyombo vyangu vyote vimefika, isipokuwa tindo moja ambayo nadhani iko chini ya tangi.

Najua nilikosea saa. Niliambiwa saa kumi alasiri, nami niliingia uani asubuhi, amri ikiwa bado hai. Lakini Shangazi alishaniambia habari za stendi (ndiyo, yeye ndiye aliyesema, mkasirikie mbele ya chai), na nilijua nikingoja mpaka kikao kiishe, watu watanikumbatia na giza litaingia kabla sijaunga hata mguu mmoja. Kwa hiyo nilipita mlango wa nyuma na mashine yangu. Kama ni kosa, nishtaki.

Kuna jambo moja limenikaa kooni tangu siku ile. Nilikata vyuma, nikaunga, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikawaita vijana wa jirani tukapandisha tangi, na muda wote huo hukutoka. Shangazi aliniletea maji ya kunywa, aliniletea mkate, nikamuuliza uko wapi, akasema uko chumbani. Pazia lilikuwa limefungwa. Niliunga mguu wa mwisho nikijiambia kwamba umeghairi, na kwamba angalau nitawaachia maji niondoke zangu.

Halafu saa kumi ikafika, ukatoka na lile koti. Ulivaa miwani ukafungua karatasi, ukasoma "Mimi niliyetoa amri", ukaishia hapo. Nilidhani huoni vizuri. Ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukasema, "Nilikosea. Huyu ni binti yangu, ni fundi, na hapa ni kwao. Naitengua." Yule jirani wa ng'ambo alisahau kumeza chai yake. Mimi nilipanda zile ngazi na sikumbuki nilizipanda vipi, nakumbuka tu kwamba koti lako lilinukia dawa ya nondo, zile tembe nyeupe za kuzuia wadudu, na kwamba nililiachia bega lake rangi nyekundu.

Lakini asubuhi ile, Baba. Kwa nini hukutoka?

Binti yako,
Fundi


20 Juni

Mwanangu,

Hii haina namba. Jadala lako nimelifunga. Amri ya kwanza imo ndani, sikuichana, kama ulivyotaka, na juu yake nimeandika kwa mkono kwamba imetenguliwa, tarehe, na mbele ya nani. Atakayelifungua baada yangu ataona yote mawili.

Kuhusu asubuhi ile. Amri ilikuwa hai mpaka saa kumi. Ningekuona uani, ningetakiwa ama nikutoe ama niivunje amri yangu mwenyewe, na kukutoa nisingeweza. Nikaona dawa ni moja, nisikuone. Nilipofungua dirisha nikasikia mashine, nikajua ni wewe kabla hata Shangazi yako hajaja mbio kuniambia, nikafunga pazia, nikakaa kitandani na viatu. Mtu asiyeonekana hajaingia. Najua hilo haliwezi kusimama mahakamani hata dakika moja.

Kutwa nzima nilikusikiliza. Ukikata nilitulia. Ukinyamaza nilidhani umeondoka, nikatega sikio mpaka nisikie nyundo tena. Uliwahi kuniandikia kwamba sikukufuata siku ile na sweta. Nilitoka nayo mpaka kona ya barabara. Nikaona mgongo wako, hukugeuka, nikasema moyoni huyu hanihitaji, nikarudi. Kila mmoja wetu alikuwa anamngoja mwenzake. Sweta bado ipo, ingawa sasa itakubana. Ungeichukua Jumapili ile, lakini nilishindwa kusema mambo mawili kwa siku moja.

Lile koti nimemkataza Shangazi yako kulisafisha bega.

Ubao nimeung'oa jikoni. Nimeupigilia nje, getini, upande wa barabarani, mahali ambapo hata mtu aliyekatazwa kuingia anaweza kusoma. Kwa sasa hakuna mtu wa namna hiyo, lakini nimejifunza. Tangazo la kwanza niliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu watu wamekuwa wakisimama wakiangalia tangi lilivyo juu na kuuliza. Linasema: "Stendi hii imejengwa na binti yangu. Anayemtaka kwa kazi aulize ndani." Wameshauliza wanne. Mmoja alitaka kujua kama mwanamke anaweza kujenga kitu kikasimama. Nikamkaribisha, nikampa kiti, nikamkalisha chini ya tangi lililojaa, nikaendelea kuzungumza naye mpaka akaridhika.

Tindo yako nimeipata. Njoo uichukue, saa yoyote, kwa mlango wowote.

Shangazi yako anakusalimu, simu yake imepona. Maji yanatoka. Safari hii ni kweli.

Baba yako